Mkwe Hasahihishwi

Mwaka ule wa elfu mbili na nne, mtu aliyetaka kujifunza Ekseli, ile programu ya kompyuta ya kupangia hesabu, pale Nachingwea alikuwa na mwalimu mmoja tu wa kumwendea, naye ni Mama Teodosia. Augustino alitaka kujifunza Ekseli kuliko alivyotaka kula. Hapo pasingekuwa na hadithi; mtu angelipa ada yake, akakaa kitako, akafundishwa. Tatizo ni kwamba Mama Teodosia ndiye aliyemzaa Goreti, na Goreti ndiye mke wa Augustino. Mwalimu pekee wa mji mzima alikuwa mkwewe.

Kama wewe umezaliwa mahali ambako mtu na mama mkwe wake wanakaa meza moja wakigombea paja la kuku, basi ngoja nikueleze. Katika ukoo wa watu hawa, Wamakua ambao mababu zao walivuka Ruvuma zamani, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hasemi naye, hali mbele yake, hapokei kitu mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hiyo si chuki hata kidogo, ni heshima, tena heshima iliyopita zote. Na kwa kuwa kwao mume ndiye anayehamia kwa mke, Augustino alikuwa anaishi nyumba ya pili, uani kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kumwona.

Maisha hayo yana kazi yake. Asubuhi Augustino alikohoa kabla ya kufungua mlango, na Mama Teodosia naye alikohoa kabla ya kwenda bombani, hata jirani mmoja akadhani nyumba nzima ina kifua. Siku moja walikutana ghafla kwenye kona ya soko. Augustino alikuwa juu ya baiskeli na gunia la mihogo nyuma. Akaacha njia kama inavyopasa, ila hakuangalia njia inaishia wapi, akaingia mtaroni yeye, baiskeli na mihogo. Mama Teodosia alipita akitazama mawingu. Jioni ile Goreti aliletewa chupa ya mafuta ya kuchua, na hakuambiwa ni ya nani.

Sasa huyu Augustino alikuwa karani wa mizani. Msimu wa korosho ukifika, wanunuzi walimwita, akapima magunia tangu asubuhi hadi jua linapotua. Msimu ukiisha naye anaisha. Anabaki kupasua kuni ambazo hakuna aliyeziomba. Shuleni alikuwa amelipenda somo moja tu, uwekaji hesabu. Wenzake walilikimbia kama nyuki, yeye akilikimbilia. Raha aliyoipata pande mbili za hesabu zilipokubaliana hakuweza kumweleza mtu, ila Goreti, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, na ndiyo sababu mojawapo ya kumwoa. Tangu hapo alitaka kuwa mhasibu, na miaka ilikuwa inapita.

Ndipo zikaja habari kwamba chama kimoja cha akiba na mikopo huko Ruangwa kinatafuta mhasibu msaidizi. Cheti cha kidato cha nne kinatosha, walisema, lakini mwombaji awe anajua kutumia Ekseli. Cheti Augustino alikuwa nacho. Ekseli alikuwa ameisikia tu.

Mama Teodosia, kwa upande wake, alikuwa mpiga chapa wa serikali kwa miaka mingi, mpaka walipopunguzwa kazini. Wenzake walinunua cherehani au walifungua genge. Yeye alikwenda Dar es Salaam na mafao yake, akarudi na kompyuta mbili zilizokwishatumika, zimefungwa kwenye magodoro kama wagonjwa. Ekseli alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kinene na kwa ukaidi. Kisha akapanga chumba kando ya barabara iendayo stendi, akaandika ubao, watu wakaanza kuja. Alikuwa mjane, mkali wa saa na mkali wa usafi, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka darasani.

Goreti ndiye aliyekwenda kumwombea mumewe. Alimkuta mama yake anachambua mchele, akaeleza habari ya Ruangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mama Teodosia aliendelea kuchambua. Alipomaliza ungo mzima alisema kwamba darasani kwake kuna kiti karibu na dirisha, na kwamba yeye hana tabia ya kuangalia nani amekikalia.

Basi Augustino akaanza shule. Mwanafunzi mwenzake siku zile alikuwa Mwanaima, binti kutoka Malolo, karani wa zahanati, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha redioni. Mama Teodosia alisimama mlangoni akitazama barabara, akasema, "Mwanaima, mwambie aliyekaa dirishani abonyeze kushoto." Mwanaima akageuka na kumwambia aliyekaa dirishani abonyeze kushoto. Aliyekaa dirishani akamwomba Mwanaima amwambie mwalimu kwamba amekwisha bonyeza. Yote hayo katika chumba ambacho mtu akipiga chafya wote wanaloa. Haikupita wiki, Mwanaima akachoka.

"Kaka Augustino," alimwambia nje, "mimi nimelipa ada ya kusoma. Ya ukalimani sijalipwa."

Mambo yakaharibika kabisa siku mashine ya Augustino ilipoanza kulia, tii, tii, tii, isinyamaze. Mama Teodosia alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mkwe. Akasahau, akaja mbio, akainama begani kwa mwanafunzi wake aone kuna nini. Augustino aliona mkono wa kitenge karibu na sikio lake. Mlango ulikuwa mbali, dirisha lilikuwa karibu. Akatokea hapo dirishani. Watu wa barabarani walidhani ni mwizi, wakaanza kuokota mawe, na Mwanaima ilibidi atoke nje kuwaeleza kwamba huyo si mwizi, ni mkwe.

Jioni ile Augustino alimwambia mkewe kwamba ameacha. Alisema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Goreti. Hakugombana naye. Alijifunga kitenge akaenda kwa mjomba wake, maana katika ukoo ule neno la mwisho ni la mjomba. Mzee yule hakuwa amewahi kuiona kompyuta. Aliuliza kama inasema. Goreti akajibu kwamba haisemi. Akauliza kama inaonyesha uso wa mtu aliyeitumia kabla yako. Haionyeshi. Mzee akafikiri, akatema tumbaku.

"Wazee walikataza macho, mdomo na mkono," alisema. "Vidole vya kuandika hawakuvitaja."

Kesho yake mchana, saa ambayo Mama Teodosia hurudi nyumbani kupika, Augustino alikaa dirishani, akakuta kwenye mashine jedwali jipya. Katika kisanduku cha kwanza kabisa palikuwa pameandikwa: "Anza hapa." Chini yake maelezo yalishuka mstari kwa mstari. Kila kisanduku, mwalimu alieleza, kina anwani. Herufi ya juu ni mtaa, namba ya pembeni ni nyumba. Ukitaka kumtuma mtu, mwambie mtaa na nyumba, asipotee. Ukitaka mashine ijumlishe, iambie ianzie nyumba ipi na iishie nyumba ipi, maana yenyewe ni mtumishi mtiifu asiye na akili. Itafanya ulichosema, siyo ulichotaka.

Augustino aliyasoma yale mara kadhaa, kisha akafanya zoezi la majina na ada za wanafunzi wa pale. Kesho yake alikuta jibu kwa rangi nyekundu: "Rudia. Umeiambia mashine ijumlishe majina. Mwanaima ongeza Zulfa ni ngapi?"

Alicheka peke yake mpaka akajishika mbavu. Miaka miwili aliishi ua mmoja na mwanamke yule, na hakujua kwamba ana masihara. Akaandika chini: "Ni wawili, mama, na kelele nyingi." Kabla ya kuondoka akalitazama lile neno mama aliloliandika. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo, kwa kuwa alikuwa hajawahi kumwita kabisa. Aliliacha pale pale.

Tangu siku ile kazi ikaenda. Mama Teodosia asubuhi, Augustino mchana, na jedwali katikati yao. Alijifunza kujumlisha, kugawanya, kutafuta asilimia, kupanga watu kwa herufi bila kumpokonya mtu akiba yake na kumpa mwingine. Mkwewe alimfokea kwa nyekundu na kumsifu kwa nadra. Wakati mwingine, chini kabisa ya kurasa, mahali pasipohitaji hesabu, alikuta maneno mengine. "Goreti anasema hulali. Lala. Fomula haikimbii." Au: "Kuna mihogo ya kuchemsha kwenye kabati, sijui ni ya nani." Augustino aliila mihogo ile huku anatazama mlango. Alimpenda mwanamke yule, alimpenda sana, na hakuwa na mahali pa kulisema.

Msimu wa kuvuna mahindi ulipokaribia kuisha, Mama Teodosia alifanya jambo bila kuulizwa. Alimjua meneja wa kile chama cha Ruangwa, Mzee Bashiri, tangu enzi za mashine ya chapa. Akamtumia habari kwamba anaye kijana wa kumwonyesha. Mzee Bashiri akajibu kwamba vijana wenye vyeti vya wiki mbili wamemchosha. Jumamosi fulani atapita Nachingwea, na angependa kuona kazi ya kweli, siyo mazoezi.

Kazi ya kweli ilikuwepo. Mama Teodosia alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama waliokuwa wakiweka akiba pamoja, na Jumamosi ile ile ndiyo waliyopanga kugawana faida ya mwaka. Safari hii taarifa ingetoka kwenye kompyuta. "Hesabu ni zangu," alimwandikia Augustino, "majina na mapambo ni yako. Bashiri akiipenda taarifa hii, kazi ya Ruangwa ni yako. Tusiaibishane."

Augustino aliingiza majina yote kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. Wiki ile Goreti hakuwepo. Dada yake wa Mbekenyera alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumhudumia. Nakuambia hili mapema ili usije ukaniuliza baadaye mke alikuwa wapi.

Siku ya Jumanne Augustino alikuta hesabu zimekamilika na taarifa imekwisha chapwa, karatasi zimelala juu ya meza zimebanwa vizuri. Akafungua jedwali kwenye mashine ili afurahie tu. Akabonyeza kisanduku cha jumla aone fomula ilivyokaa. Ilianzia kwa mama wa kwanza, ikaishia kwa mama wa arobaini. Akashuka na macho. Chini ya yule wa arobaini palikuwa na wengine sita, wale waliojiunga katikati ya mwaka, ambao majina yao aliyaongeza yeye mwenyewe. Jumla haikuwafikia.

Mtu asiyejua hesabu angesema hilo ni jambo dogo. Lakini wewe umewahi kuona ugali unaokatwa kwa watu arobaini huku mkekani wamekaa arobaini na sita. Wa kwanza wanapata tonge nono, wanashukuru, wanaramba vidole. Wa mwisho wanapewa sufuria waikwangue. Ndivyo ingekuwa Jumamosi: mgao wa kila mtu ulikuwa umezidi kidogo tu, hakuna ambaye angeshtuka, na sanduku lingekauka kabla ya kufika kwa wale sita. Hapo watu wangemtazama katibu. Wangesema Mama Teodosia na kompyuta yake amekula. Na Mzee Bashiri angekuwa amekaa pale pale, anaona.

Dawa yake ilikuwa kurekebisha namba moja tu. Lakini hesabu zilikuwa za mkwe, na mkwe alikuwa amesema hivyo kwa maandishi. Kuingiza mkono kwenye hesabu zake kwa siri, wakati karatasi zimekwisha chapwa, ni sawa na kufunua chungu chake jikoni. Kumwambia mtu mwingine amwambie ni kumtangaza. Goreti angejua namna ya kulisema, lakini Goreti alikuwa Mbekenyera. Na kumwandikia mkwe waziwazi kwamba umekosea, hilo hata mjomba na vidole vyake asingelipitisha. Mkwe hasahihishwi.

Kwa hiyo akachagua njia ya adabu. Akaandika chini ya jedwali: "Mama, wale akina mama sita wa mwisho, hawajambo?"

Alhamisi akakuta jibu: "Hawajambo wote, wamefurahi sana kujiunga. Asante kwa kuuliza."

Akashika kichwa. Akafikiri tena, akaamua kuwapaka wale sita rangi ya njano, inayowaka kama alizeti, ili mtu yeyote mwenye macho ajiulize kwa nini hawa wametengwa na wenzao. Ijumaa alipofungua mashine aliwakuta wale arobaini wamepakwa kijani, safi kabisa, na pembeni pameandikwa: "Wazo zuri. Imependeza."

Hapo akaandika lile neno lenyewe. "Mama, jumla yako ina makosa." Akalitazama. Akalifuta herufi moja moja kutoka nyuma, na mahali pake akaandika, "Kazi nzuri sana, mama." Akafunga dirisha, akaenda nyumbani.

Jumamosi ua wa mbele ya darasa ulijaa. Mama Teodosia alikuwa ameitoa kompyuta moja mpaka mlangoni, juu ya meza yenye kitambaa, waya umetandazwa nyuma yake. Mzee Bashiri alikalishwa kwenye kiti chenye mto, kofia yake magotini, miwani puani. Mwanaima alikuwepo, amekuja kama mwanachama. Augustino alikaa mwisho kabisa, karibu na lango, kama inavyompasa mkwe. Mbele yake tu walikaa wale sita wapya. Mmoja wao aliitwa Magreti, mjane kutoka Kilimarondo, ambaye tembo walikuwa wamemaliza mahindi yake mwaka uliopita akahamia mjini kwa dada yake. Alikuwa anamweleza mwenzake kuhusu mabati. Alisema ameyachagua tayari, ameyashika kwa mkono, na mwenye duka amekubali kumwekea mpaka saa nane mchana.

Augustino aliyasikia yote. Alijaribu kutoyasikia.

Mama Teodosia akasimama. Sauti yake Augustino aliijua vizuri kwa kupitia kuta. Akasoma akiba, akasoma mikopo iliyorudi, akasoma faida, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Bashiri akatikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja mchuzi na kuukubali. Kisha Mama Teodosia akasema kwamba mweka hazina sasa ataanza kulipa, kuanzia jina la kwanza kushuka chini. Mweka hazina akafungua kufuli la sanduku.

Augustino akainuka. Hakujiamuru kuinuka, miguu ilitangulia. Lakini hata katika hali ile adabu haikumtoka: akageuka, akawapa wote mgongo, akaelekeza uso wake langoni.

"Mama," alisema, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Mama, jumla imeishia kwa mtu wa arobaini. Hawa sita wa mwisho hawamo. Hela hazitawafikia."

Bibi mmoja aliyekaa ukutani aliachia kikombe. Kusema na mkwe ni jambo moja, na watu wa pale wangeweza kulisamehe, labda nyumba ilikuwa inaungua. Kumsahihisha mkwe, mbele ya wenzake, mbele ya mgeni, hilo hakuna aliyewahi kuliona. Augustino alitazama mbao za lango. Aliona msumari mmoja uliopinda, akaung'ang'ania kwa macho.

Nyuma yake alisikia kiti kikisogea. Mzee Bashiri alikuwa amekwenda kwenye mashine. Vidole vyake vilibonyeza, vikapumzika, vikabonyeza tena.

"Ni kweli," alisema mzee. Kisha akasema, "Kijana. Uliliona lini?"

"Jumanne, mzee."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo, mzee."

"Siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

Augustino hakuwa na uongo wa kumpa. Akaliambia lango kwamba aliuliza kama akina mama wale hawajambo, halafu akawapaka njano. Mwanaima ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo na mtandio, lakini kicheko kilikuwa kimeshapita na wengine wakakidaka. Mzee Bashiri hakucheka. Alisema kwamba kule Ruangwa kamati yake imejaa wazee wenye majina, na mwenyekiti wao ni mtu mzito, akikohoa watu wanasimama. Hesabu ikikosewa na mtu kama huyo, alisema, yeye hana nafasi ya kungoja ipakwe rangi.

"Sasa nijibu," alisema. "Mwenyekiti akikosea, utaweza kumwambia siku ile ile?"

Augustino alikuwa bado anautazama ule msumari. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema kweli.

"Mzee," alisema, "nimeshamsahihisha mkwe wangu mbele za watu. Huyo mwenyekiti ni nani?"

Mzee Bashiri alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa kanzu. Alipopata pumzi alisema Jumatatu inayofuata, saa mbili asubuhi, Ruangwa, na aje na vyeti vyake. Akina mama wakapiga vigelegele kwa mara ya pili, na Magreti, ambaye sasa ndiyo alikuwa anaelewa amenusurika nini, akauliza kwa sauti huyu kijana ni wa nani.

Augustino hakusogea. Kazi aliyoililia miaka yote alikuwa amepewa, na haikumwingia moyoni, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja uani pale ambaye hakuwa amesema neno. Alingoja. Alisikia vigelegele vikipungua, kisha akasikia ndala zikija kwenye mchanga, polepole, zikikaribia, zikasimama nyuma yake mahali ambapo ndala zile hazikuwahi kusimama.

"Augustino," alisema Mama Teodosia.

Hakuwahi kulitamka jina lile. Nyumbani alikuwa "yule", darasani alikuwa "wa dirishani".

"Geuka."

"Mama, mila..."

"Mila nitailipia faini ya jogoo mimi mwenyewe. Umenizuia nisiaibike kwa watu wangu. Siwezi kuushukuru mgongo."

Akaongeza kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia. "Na ile njano, mwanangu, mimi nilidhani ni maua."

Augustino akageuka. Macho yake yalianza chini, kwenye ndala, yakapanda kwenye kitenge, yakasita shingoni, kisha yakafika. Aliona uso wa Goreti, umezeeka vizuri, na mwanya mdogo kati ya meno ya mbele, na macho yenye maji ambayo mwenye nayo hakuwa na haja ya kuyaficha. Ndiye mtu aliyemfundisha kila kitu alichokijua. Alikuwa mfupi kuliko alivyofikiri. Naye Mama Teodosia alikuwa anamkagua, kutoka nywele mpaka viatu, kama mtu aliyeletewa mgeni aliyesubiriwa muda mrefu.

"Kumbe u mwembamba hivi," alisema.

Akamtangulia kwenda mezani, watu wakiwapisha. Akavuta benchi, akakaa upande mmoja, akapiga ubao kwa kiganja akimwonyesha Augustino akae upande wa pili. Alikaa. Mabega yao hayakugusana, lakini hayakuwa mbali. Mweka hazina alikuwa amefunika sanduku, anangoja. Augustino akashika kipanya, akaingia kwenye fomula, akafuta arobaini, akaandika arobaini na sita, akabonyeza. Namba zote za mgao zikabadilika mara moja, kutoka juu mpaka kwa Magreti.

"Rudia," alisema Mama Teodosia, akisogeza uso wake karibu na kioo. "Polepole, nione ulivyofanya."